Bwawa la udongo shambani kwako limezeeka? Anza kuangalia upande wa nyuma

Hii naandikia watu wa hapa Uganda wenye bwawa la tuta kwenye shamba lao, hasa kule kwa wafugaji, Nakasongola, Nakaseke, Sembabule, Lyantonde, Kiruhura, Isingiro mpaka Karamoja. Wengi wenu hamkuyajenga hayo mabwawa. Umenunua shamba ukakuta bwawa, au mzee alifariki akakuachia, au ni kipande cha zile ranchi za skimu ya Ankole na Masaka za miaka ya 60, ranchi zikagawanywa na bwawa likaangukia upande wako, mchoro hakuna, aliyejenga hayupo, hata paipu ilipita wapi chini ya tuta hakuna anayejua. Na kwa vile limekaa miaka yote hiyo bila kuleta shida unaona litakaa tu.

Kwanza tuelewane. Kama ni shimo la kuchimbwa, maji yote yako chini ya usawa wa ardhi, ile tunaita vale tanki, basi hofu yako ni tope kujaa na watoto kuzama, mengi ya hapa chini hayakuhusu. Lakini kama kuna tuta limekinga bonde na maji yamekaa juu kuliko ardhi iliyo nyuma ya tuta, endelea kusoma. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Bwawa la mita za ujazo 10,000, ambalo kwa mfugaji wa Kiruhura si kubwa hata kidogo, ni tani 10,000 ambazo ule udongo umezizuia mchana na usiku. Jirani zetu Kenya waliona hiyo kitu Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018: bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka mvua ikiwa imezidi, watu zaidi ya 40 wakafa, wengi walikuwa ndani ya nyumba zao.

Sasa kosa ambalo naliona kwa karibu kila mwenye bwawa ni kwamba akienda kulitembelea anasimama juu ya tuta anaangalia maji. Maji yamejaa, anafurahi, anapiga picha, anarudi nyumbani. Upande wa maji hautakuambia mambo mengi, habari ya bwawa iko nyuma, kule chini kwenye kitako cha tuta ambako hakuna mtu anafika ila mchungaji.

Fyeka kwanza, halafu ndo utembee

Huwezi kukagua kitu ambacho huoni. Kama nyuma ya tuta kuna nyasi za kufika kiunoni na vichaka, kazi ya kwanza ni panga na fyekeo, nyasi zibaki fupi, za kufika kwenye kifundo cha mguu hivi, usizing'oe maana mizizi yake ndo inashika udongo mvua ikipiga. Fyeka pia mita chache kupita kitako, kule ambako ardhi inaanza kuwa tambarare.

Na hapo utakuta mambo. Watu wanapenda sana kupanda magimbi, miwa au migomba hapo nyuma kwa sababu udongo una maji hata kiangazi. Sasa jiulize hayo maji yanatoka wapi. Yale magimbi yanapendeza lakini yanaficha kitu ulichopaswa kukiona, na anayeyalima anachimba kitako cha tuta kila msimu. Toa yote. Wengine wanachimba udongo wa matofali hapo hapo, kwa sababu ni mfinyanzi mzuri, na hiyo ni mbaya zaidi maana unaondoa uzito unaolishikilia tuta lisiteleze. Kama jirani ndiye anachimba, nenda na chemani wa LC1, yani mwenyekiti wa kijiji, mkaongee naye mapema, kabla tanuri halijawashwa.

Ukisha fyeka, tembea. Anzia kitako, upande mmoja mpaka mwingine, polepole, kisha panda katikati ya ubavu wa nyuma, rudi, kisha juu ya tuta, kisha ubavu wa maji, mwisho spilwei, yani ule mtaro wa pembeni wa kutolea maji ya ziada. Beba panga, simu ya kupiga picha, jerikani ya lita 20, chupa ya plastiki ya kuona ndani, na vigingi kadhaa vya mti. Viatu vya kawaida ni bora kuliko gambuti, ukivaa gambuti huwezi kujua pale ulipokanyaga ni pakavu au ni majimaji. Wakati mzuri ni mara nne: mwisho wa kiangazi kabla ya mvua za Machi, bwawa likijaa, baada ya kila mvua kubwa, na tena kabla ya mvua za Septemba. Karamoja ambako mvua ni msimu mmoja mrefu, fanya kabla ya Aprili na uendelee kila wiki likiwa limejaa.

Maji yanayotoka nyuma

Hapa ndo penye kazi kwa hiyo nitakaa kidogo. Kila bwawa la udongo linavuja. Usiogope neno hilo, hakuna udongo usiopitisha maji kabisa. Swali ni yanatoka wapi, yanatoka kiasi gani, na yana rangi gani.

Dalili za kutafuta kiangazi: kipande cha nyasi kijani kibichi wakati pengine pote pamekauka, matete yameota mahali pamoja, ardhi inabonyea ukiikanyaga, nyayo za ng'ombe zimejaa maji. Ukiona utelezi wa rangi ya kutu juu ya maji, hiyo yenyewe ni chuma kilichomo kwenye udongo, haina maana tuta linabomoka, lakini inakuonyesha maji yanapita hapo. Na msikilize mchungaji wako. Kuna mazungumzo ambayo yanajirudia kila ranchi, kijana anasema, "Afande, kule nyuma ng'ombe wanazama miguu," mzee anajibu kutoka kwenye kiti, "Si mvua ilinyesha?" kijana anasema, "Mvua ina wiki mbili haijaonekana, afande," na stori inaishia hapo, redio inaongezwa sauti. Yule kijana amekwisha fanya ukaguzi, bure kabisa, na hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo andika. Pale maji yanapotoka, chimba kamtaro kadogo yakusanyike sehemu moja, weka kipande cha paipu au bati lililokunjwa yadondokee kwenye jerikani, washa saa ya simu, angalia jerikani ya lita 20 inajaa kwa muda gani. Andika tarehe, dakika, na maji ya bwawa yako wapi siku hiyo. Hiyo ya mwisho watu wanasahau na bila hiyo namba yako haina maana, kwa sababu bwawa likijaa lazima livuje zaidi na likipungua livuje kidogo. Simamisha nguzo ya chuma ndani ya maji ukiwa kiangazi, ipake alama kila sentimita 10, basi una kipimo. Ukiona maji ya bwawa yako alama ile ile ya mwezi uliopita lakini jerikani iliyokuwa inajaa kwa dakika tano sasa inajaa kwa tatu, kuna kitu kinaliwa huko ndani.

Halafu rangi. Kinga maji kwenye ile chupa ya kuona ndani, iweke juu ya jiwe pasipo na mtikisiko, ikae mpaka umalize kutembea bwawa lote, kisha irudie uangalie chini yake. Ikiwa safi, sawa, endelea kupima. Ikiwa na tope au mchanga umekaa chini, huo mchanga umetoka tumboni mwa tuta, maji yanachimba tundu kutokea nyuma yakirudi ndani kuelekea bwawani. Tundu linaanza jembamba kama kidole, na kadri linavyorefuka ndo maji yanazidi nguvu, na siku likifika upande wa maji huna masiku, una masaa au hata dakika. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilikuwa jipya, limejengwa na serikali yenye mainjinia wake wote, na tarehe 5 Juni 1976 lilienda hivyo hivyo, asubuhi maji ya tope yanaonekana yanatoka ubavuni, kabla ya saa sita mchana limebomoka.

Sasa jambo ambalo wengi wanalifanya kinyume. Ukiona maji yanatoka nyuma, usiyazibe kwa nyuma. Usimwage mfinyanzi juu yake, usipige simenti, usirundike magunia ya udongo. Ukiziba pale maji yatajaa ndani ya tuta, yatalilowesha lote, na yatatafuta pa kutokea pengine ambapo huenda ni pabaya zaidi. Kinachotakiwa ni maji yapite lakini udongo ubaki. Kwa hiyo unaweka mchanga safi wa mto kwanza, tabaka nene, juu yake kokoto ndogo, juu yake kokoto kubwa au mawe. Mchanga unazuia udongo, kokoto inazuia mchanga, maji yanatoka yakiwa safi. Kuziba kunafanyika upande wa maji, kwa mfinyanzi, na hiyo ni kazi ya kiangazi na ya injinia.

Paipu ya chini

Mabwawa ya zamani yana paipu ya chuma inayopita chini ya tuta kwenda kwenye birika la ng'ombe. Chuma kimekaa ardhini miaka 50 au 60, wewe unafikiri hali yake ikoje? Ikitoboka katikati ya tuta, maji yanaanza kula udongo pembeni yake, na juu huoni kitu mpaka siku shimo linatokea. Mbaya zaidi mengi valvu iko nyuma, kwenye birika, maana yake paipu yote iliyo chini ya tuta imejaa maji yenye presha siku zote. Kule Colorado, Marekani, kulikuwa na bwawa la Lawn Lake, la udongo, wakulima walilijenga 1903 kwa ajili ya umwagiliaji. Tarehe 15 Julai 1982 lilipasuka, watu 3 wakafa, na chanzo kilichoonekana ni kiungo cha paipu na valvu ambacho madini yake ya risasi (ledi) ya kuzibia yalikuwa yamechakaa. Kiungo kimoja tu.

Kwa hiyo angalia pale paipu inapotokea: kama maji yanatoka ndani ya paipu ni jambo moja, kama yanatoka pembeni, kati ya paipu na udongo, hilo ni la haraka. Angalia juu ya tuta kwenye mstari ambao paipu imepita, kuna mahali pamedidimia? Zungusha valvu kila baada ya miezi kadhaa, funga fungua, isije ikagoma siku unayoihitaji. Ikiwa paipu imeoza, dawa ya kawaida ni ama kuingiza paipu ya plastiki ndani yake na kujaza nafasi iliyobaki kwa simenti laini ya maji, ama kuiziba kabisa na kunywesha ng'ombe kwa pampu ya sola au paipu ya kuvuta maji kupitia juu. Usikubali fundi anayekuambia atachimba tuta aitoe na kurudisha udongo kwa jembe. Mtaro wa namna hiyo katikati ya tuta haurudi kuwa imara kirahisi.

Na ukitaka kupunguza maji, yapunguze taratibu. Karibu futi moja kwa siku ndo kiasi ambacho mainjinia wengi wanakubali kama hakuna dharura. Ukimwaga yote kwa siku mbili, ubavu wa maji unabaki umelowa na mzito bila maji ya kuuegemea, unateleza wote ndani.

Spilwei, na hapa nitakuwa mkali

Mabwawa mengi ya udongo yanakufa kwa maji kupanda juu ya tuta. Udongo hauvumilii maji yanayokimbia juu yake, yanakata upande wa nyuma, yanarudi yakikata mpaka yanafika bwawani. Kinachozuia hilo ni spilwei peke yake, na spilwei ndo kitu cha kwanza ambacho mwenye bwawa anaiharibu, tena kwa mkono wake na kwa gharama yake.

Namna ya kwanza: kiangazi kilikuwa kikali, ng'ombe wameteseka, basi mwaka unaofuata anapanga magunia ya mchanga kwenye mdomo wa spilwei ili bwawa libebe nusu mita zaidi. Linabeba kweli. Ila ile nusu mita ndo ilikuwa nafasi ya kupitisha mvua ya usiku mmoja. Namna ya pili: amepandikiza ngege na kambare, hataki watoroke, anaweka wavu kwenye spilwei. Mvua ya kwanza kubwa inaleta matawi, majani, magugu ya majini na machupa, wavu unaziba, sasa ana ukuta. Namna ya tatu ni barabara, spilwei imekuwa njia ya boda na ng'ombe, mtu ameweka culvati ndogo, ile paipu ya kupitisha maji chini ya barabara, na kujaza maramu juu. Namna ya nne mtu amejenga kibanda ndani yake, na sitanii.

Ondoa yote hayo. Samaki wakitoroka nunua vifaranga wengine, ni rahisi kuliko tuta. Kama lazima uwakinge, weka nguzo zilizoachana, mbali kidogo ndani ya bwawa, ambazo takataka inaweza kunasa bila kufunga mdomo.

Kisha pima. Chukua ile paipu ya livo ya plastiki ambayo mafundi wa nyumba wanatumia, ijaze maji, anza kwenye sakafu ya spilwei na uhamishe usawa huo mpaka juu ya tuta, halafu pima tuta lote kila hatua kumi. Utashangaa. Tuta linadidimia na umri, mara nyingi katikati ambako ndo refu zaidi, na pale ng'ombe wanapovukia. Unachohitaji kujua ni sehemu ya chini kabisa ya juu ya tuta iko juu ya sakafu ya spilwei kwa kiasi gani. Kwa bwawa dogo tafuta angalau karibu mita 1. Kama una sentimita 40 mahali pamoja basi bwawa lako zima lina sentimita 40, haijalishi kwingine ni mita na nusu.

Kurudisha kimo si kumwaga tipa ya udongo juu. Toa nyasi na udongo wa juu wenye mizizi, kwaruza pale chini pashikane, leta udongo wenye mfinyanzi, uwe na unyevu wa kutosha kwamba ukiukamata mkononi unabaki bonge na hautoi maji, tandaza unene wa sentimita 15, shindilia, tandaza tena, shindilia. Uache katikati pakiwa juu kidogo na mteremko mdogo kuelekea upande wa maji ili mvua isituame. Mwisho panda nyasi za paspalum.

Miti, mchwa na ng'ombe

Kalitusi juu ya tuta ni hapana. Mti wowote mkubwa ni hapana: upepo ukiung'oa unaondoka na bonge la tuta, na ukifa mizizi yake inaoza na kuacha mirija ambayo maji yanaipenda sana. Miche midogo ng'oa kila unapofyeka. Mti ambao shina limepita unene wa sentimita 10 hivi usiukate tu na kuondoka, kisiki na mizizi mikubwa vinatakiwa vitolewe na shimo lijazwe kwa kushindilia, na hiyo fanya maji yakiwa chini na kuna mtu anayejua kazi anasimamia.

Mchwa. Hapa Uganda kuna ugumu wake kwa sababu kichuguu ni mali, msimu wa kumbikumbi ukifika familia nzima inakesha hapo na taa, kuna vishimo vimechimbwa, mabati, masufuria, na ukisema unakivunja unakuwa adui wa watoto. Lakini kichuguu juu ya tuta kina njia zinazoshuka mita kadhaa chini na kusambaa. Chimba mpaka umfikie malkia, fuata njia kubwa unazoziona, jaza udongo wa mfinyanzi na ushindilie. Kumwaga sumu peke yake hakusaidii, mchwa wanakufa mashimo yanabaki, na sumu inaenda kwenye maji ya kunywa. Vivyo hivyo mashimo ya fuko, panya na kenge: shimo kwenye ubavu wa maji likikutana na shimo kwenye ubavu wa nyuma, bwawa limepata paipu mpya. Walio karibu na hifadhi ya Lake Mburo wana viboko wanaokuja usiku na kufanya njia yao juu ya tuta, hao ni kazi ya watu wa wanyamapori, usimguse.

Ng'ombe ndo waharibifu wakubwa na ndo sababu ya bwawa kuwepo, kwa hiyo suluhisho ni seng'enge kuzunguka tuta na bwawa, na birika la kunyweshea nyuma, mbali na kitako cha tuta. Kundi la Ankole likishuka kunywa kupitia kwenye tuta kila siku, kwato zinakata njia, mvua inaigeuza korongo, mwaka wa tatu unalia.

Nyufa

Bwawa likikauka kwenye udongo mweusi utaona nyufa nyingi ndogo kila upande, hizo kwa kawaida ni za jua, zijaze mfinyanzi kabla ya mvua. Ufa unaokatiza tuta, kutoka upande wa maji kwenda nyuma, huo ni wa hatari maana ni njia ya maji, tafuta injinia na usiache bwawa lijae kufika hapo. Ufa unaoenda na urefu wa tuta, halafu upande mmoja umeshuka kidogo na chini yake kitako kimevimba, hapo tuta linateleza. Funika na turubai mvua isiingie, piga vigingi viwili, huku na huku ya ufa, pima nafasi kati yao kwa tepu kila siku uandike, na anza kushusha maji polepole.

Ukiita eskaveta kutoa tope

Kila mtu anataka kuongeza maji kwa kutoa tope, na kuna mpango wa wizara ya kilimo ambao mashine inatoka serikalini na mwenye shamba anaweka mafuta, kwa hiyo siku mashine ikifika dereva anataka kuchimba popote maana saa zinahesabiwa. Weka vigingi kabla hajafika. Asikaribie kitako cha ndani cha tuta, mwachie mita kadhaa, na hapo ndani asichimbe kupita tope akafika udongo wa asili, kwa sababu chini ya ule mfinyanzi kunaweza kuwa na mchanga na ukiutoboa bwawa linavujia chini ya tuta. Tope jeusi lisimwagwe juu ya tuta kama nyongeza, halina nguvu, likikauka linapasuka. Lipeleke shambani, migomba italipenda.

Siku mambo yakiharibika

Haya mambo yaandikwe sasa, kwenye karatasi, ibandikwe nyumbani na kwa mchungaji: namba za wote wanaoishi bondeni chini ya bwawa, chemani wa LC1, polisi (999 au 112), injinia wa wilaya na ofisa maji wa wilaya. Tembea mwenyewe bonde la chini, uone maji yakienda yatapita kwenye nyumba ipi, shule ipi, daraja lipi. Kubaliana na kijiji chenye spika za matangazo au kanisa lenye kengele nini kitapigwa.

Ukiona maji ya tope yanatoka nyuma kwa nguvu, au maji ndani ya bwawa yanazunguka mahali pamoja yakinyonywa chini, au shimo limetokea juu ya tuta, au tuta linashuka, kwanza piga simu watu wa chini watoke. Kwanza. Usisubiri kuhakikisha, usiogope kuonekana muoga. Baada ya hapo fungua valvu, weka pampu zote ulizo nazo, na ile futi moja kwa siku sahau, hii ni dharura. Pale maji yanapobubujika nyuma weka mchanga, kokoto na mawe ikiwa bado kuna usalama wa kusimama hapo. Usimtume mtu azamie kuziba tundu, atanyonywa. Usichimbe tuta eti upunguze maji, hilo tuta ukilikata limekwenda lote. Usiku msimwache mtu mmoja peke yake na tochi.

Karatasi za serikali na pesa

Kumiliki bwawa kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Maji na kanuni zake za 1998, kinatolewa na Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Wizara ya Maji na Mazingira, na wana ofisi za kanda Mbarara, Mbale, Lira na Fort Portal, huna haja ya kuanzia Entebbe. Najua wengi wanakwepa wakiogopa ada. Lakini fikiria upande mwingine: sheria yetu imerithi kanuni ya kesi ya Uingereza ya Rylands na Fletcher, ya 1868, ambayo ilihusu hasa bwawa la mtu binafsi, maji yalipenya yakafurika kwenye mgodi wa jirani, na mwenye bwawa akawajibika ingawa yeye mwenyewe hakuonyeshwa kuwa na uzembe. Yani mahakamani kusema "mimi nilinunua shamba likiwa hivyo" haitakufikisha mbali.

Injinia umtafute aliyesajiliwa na bodi ya usajili wa mainjinia, na aliyewahi kushughulika na mabwawa, wa barabara na nyumba si sawa. Mpe lile daftari la jerikani na picha, atakuokolea muda na wewe utaokoa sente. Kama maji yanatosha sasa hivi na pesa ni kidogo, utaratibu wangu ni huu: spilwei kwanza, kisha seng'enge na kufyeka, kisha paipu, mambo ya kuongeza kina yaje mwisho kabisa.

Na kama hesabu inakataa, huna uwezo wa kulitunza na chini yake watu wamejenga, kuna njia ya kulistaafisha. Wakati wa kiangazi, likiwa limeshushwa mpaka chini, injinia anachora mkato mpana kwenye tuta mpaka usawa wa bonde, mwenye pande zilizolala na kupandwa nyasi au kupangwa mawe, ili mvua ipite bila kutuama. Hiyo nayo inahitaji kibali. Ng'ombe utawachimbia vale tanki pembeni, na udongo wa tuta unaweza kuutumia hapo hapo.